Jiwe Hili Limechongwa na Nani? Kusoma Umbo na Tabia ya Fuwele

Jirani yangu, fundi seremala, alinijia Jumapili moja baada ya ibada na kitu amekifunga kwenye leso. Akakifungua juu ya meza ya barazani. Lilikuwa jiwe refu kama kidole cha kati, juu linapenya mwanga, chini lina ukungu mweupe. Pande zake sita zimenyooka kama zimepigwa randa, na kileleni limechongoka kama penseli. Lilitoka kwenye shimo la choo lililochimbwa kwa wakwe zake, Handeni. Shemeji yake alishatangaza ukoo mzima kwamba ni almasi. Fundi mwenyewe alikuwa na wazo lake. Alilishika kwa vidole viwili, akaligeuza taratibu karibu na jicho, akasema: "Mwalimu, mimi nimeranda mbao miaka thelathini. Kitu hakinyooki hivi bila mkono wa mtu. Hili limechongwa, halafu likapotea."

Wote wawili walikosea. Jiwe lilikuwa kwatzi, madini ya kawaida sana, na halijachongwa na mtu. Ila fundi alikuwa karibu zaidi na ukweli, kwa sababu aliliona jambo lenyewe la kushangaza. Jiwe limelala udongoni miaka isiyohesabika, hakuna aliyeligusa, na bado kona zake zimekaa sawa kuliko za kabati. Nani kalinyoosha?

Maswali ya namna hii yamekuwa mengi. Tangu Juni 2020, Saniniu Laizer, mchimbaji mdogo wa Mererani, alipoiuzia serikali vipande viwili vya tanzanaiti kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7, kimoja cha zaidi ya kilo 9 na kingine cha zaidi ya kilo 5, haipiti wiki bila mtu kunionesha jiwe au kunitumia picha yake kwenye WhatsApp. Sicheki hata moja. Namfahamu mtu aliyekopa hela za ada akiweka rehani jiwe la kwatzi, yeye na mkopeshaji wote wakiamini ni almasi. Namfahamu na kijana aliyeuza spineli safi kwa bei ya ganeti, kito kingine cha bei ndogo zaidi, kisa zote nyekundu. Hasara zote mbili zingezuilika kwa dakika kumi za kuliangalia jiwe kwa utaratibu.

Tuyaweke maneno sawa kwanza. Madini ni kitu kigumu cha asili chenye mchanganyiko wake maalumu wa kikemia, na ndani yake chembe zimepangika kwa mpango maalumu. Fuwele ni kipande ambacho mpango huo umeendelea bila kukatika: safu juu ya safu, kama trei za mayai zilizopangwa dukani hadi darini. Punje ya chumvi ni fuwele. Punje ya sukari ni fuwele. Barafu ni fuwele. Kioo cha dirisha sicho, ingawa kinang'aa kuliko mawe mengi, kwa sababu chembe zake ziliganda kabla hazijapata nafasi ya kujipanga. Chembe za kioo zimekaa kama abiria ndani ya daladala saa kumi na mbili jioni. Za fuwele zimekaa kama askari kwenye gwaride.

Kisha kuna maneno mawili ambayo mitaani huchanganywa yakawa kitu kimoja. Umbo la fuwele ni zile nyuso zinazolazimishwa na mpango wa ndani. Chumvi, kwa mpango wake, ikikua kwa raha inatoa mchemraba. Tabia ya fuwele ni namna ilivyokua: imerefuka au imefupika, imekuwa bapa kama sahani au nyembamba kama sindano, imesimama peke yake au imejazana na wenzake kama kichane cha ndizi. Fikiria tofali za kuchoma za kalibu moja. Utajenga nazo ukuta mrefu, nguzo, ngazi au tanuri. Majengo hayafanani, lakini kona ya tofali ni ile ile. Tofali na kona yake ndiyo habari ya umbo. Aina ya jengo ndiyo tabia.

Hili usilichukue kwa kuambiwa, lifanye nyumbani. Chemsha kikombe cha maji, koroga chumvi hadi ikatae kuyeyuka zaidi, chuja kwa kitambaa, mimina kwenye sahani, iache kabatini siku tatu nne bila kuisogeza. Kisha ikaribie na lenzi, au kamera ya simu iliyovutwa hadi mwisho. Chini ya sahani utaona vimchemraba vilivyotulia, kona zake sawa kabisa. Juu ya maji, ukibahatika, kutakuwa na vingine vinavyoelea, vyenye shimo katikati linaloteremka ngazi kwa ngazi kama majukwaa ya uwanja wa mpira. Kingo zake zilikua haraka, katikati pakachelewa. Na ukichukua maji yale yale ukayachemsha hadi yakauke, utapata unga mweupe tu. Chumvi ni moja, mchemraba ni mmoja, tabia ni tatu. Wanaofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi pwani huziona kila msimu wa jua.

Sasa turudi barazani. Nilimwomba fundi akalete ile skwea yake ya kulegeza, ambayo mikono yake miwili inafunguka na kufungwa kwa skrubu. Nikamwambia aikaze kwenye kona moja kati ya ubavu na ubavu, asiiguse tena, ajaribu kona zote sita. Akazunguka nayo. Ikakaa kila mahali, ingawa bavu zenyewe hazikuwa na upana sawa hata kidogo: mbili pana, moja nyembamba kama kiberiti. Nikaingia ndani nikatoa kwatzi nyingine, ya kwangu, nene na fupi kama kizibo, rangi ya moshi, iliyotoka mkoa mwingine kabisa. Skwea ile ile, bila kulegezwa, ikakaa. Fundi alinyamaza kwa muda.

Pembe ile ni digrii 120. Na ukipima kutoka ubavuni hadi kwenye uso wa ncha iliyochongoka utapata kama digrii 142, kwa kwatzi ya Handeni, ya Brazil au ya milima ya Alps. Nicolaus Steno, daktari wa Denmark aliyekuwa akiishi Florence, aliliandika jambo hili mwaka 1669 baada ya kuzichunguza kwatzi: nyuso zinaweza kuwa kubwa au ndogo, ndefu au fupi, lakini pembe kati yake hazibadiliki. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 1784, padri Mfaransa René Just Haüy alieleza sababu. Inasimuliwa kwamba alidondosha fuwele ya kalisaiti, madini laini ya chokaa, ikapasuka vipande vyenye umbo moja, akaendelea kuipasua na kila kipande kikazaa wenzake wa umbo lile lile. Akahitimisha kwamba fuwele imejengwa kwa vitofali vidogo vinavyofanana. Leo tunajua vitofali hivyo ni makundi ya atomu, lakini wazo lake lilisimama.

Kwa hiyo ukitaka kulitambua jiwe, ukubwa wa nyuso uwe wa mwisho kukushughulisha. Pembe ndiyo inayosema kweli. Kipimapembe cha mwanafunzi na ukanda mgumu wa plastiki uliopigiliwa katikati vinatosha kuanzia.

Maumbo unayoweza kukutana nayo

Wataalamu wamezipanga fuwele zote katika mifumo 7, yenye madaraja 32 ya ulinganifu. Sikushauri uyakariri. Ulinganifu maana yake ni rahisi: ligeuze jiwe na uhesabu ni mara ngapi linarudi kuonekana vile vile kabla hujamaliza mzunguko. Mchemraba ukiutazama juu utaonekana vile vile mara nne. Umbo la pande sita sawasawa, mara sita. Kiberiti, mara mbili.

Mchemraba ni umbo la chumvi, pairaiti, galena na floraiti. Umbo la nyuso nane, mfano wa piramidi mbili zilizogusanishwa kitako kwa kitako, ndilo la almasi na spineli, na pembe kati ya uso na uso jirani ni kama digrii 109.5. Ganeti hupenda umbo la nyuso 12, na kila uso unafanana na uru wa karata. Ukikuta jiwe jekundu au la kahawia lenye uru kila upande, kuna uwezekano mkubwa ni ganeti. Wakati mwingine ganeti huvaa nyuso 24, ikawa karibu ya mviringo, na hapo watu huidhania punje iliyosagwa na mto.

Kuna maumbo yanayojifunga yenyewe, kama haya niliyoyataja, na kuna yasiyojifunga. Mche wa pande sita ni bomba tu: bila kifuniko unabaki wazi. Ndiyo maana fuwele nyingi zina maumbo mawili matatu kwa pamoja. Jiwe la fundi lilikuwa na matatu. Ukiangalia ncha yake vizuri, nyuso tatu ni kubwa na tatu ni ndogo, zikipishana, kubwa, ndogo, kubwa, ndogo. Mche ni umbo moja, nyuso tatu kubwa ni umbo la pili, tatu ndogo ni la tatu. Mtu akiniambia kwatzi "ina piramidi juu" simlaumu, ila huo mpishano wa kubwa na ndogo ni alama nzuri mno ya kwatzi kuipoteza kwa jina la haraka.

Mtego wa pande sita

Hapa ndipo watu wengi huanguka, na panastahili muda. Mawe yenye pande sita ni mengi, na yote yana digrii 120 au karibu yake kwenye kona za ubavu. Pande sita peke yake hazitoshi. Tazama vitu vitatu vingine: mistari ya ubavuni, kichwa cha jiwe, na sura ya jiwe ukilitazama kwa juu.

Kwatzi ina mistari myembamba inayokata ubavu kwa upana, kama ngazi, na kichwa kilichochongoka. Chukua tochi, ilaze pembeni mwa jiwe ili mwanga upite juu juu ya uso, mistari itajitokeza. Berili, ambayo ikiwa ya kijani kibichi huitwa zumaridi na ikiwa ya samawati huitwa akwamarini, ina kichwa bapa kama kisiki kilichokatwa kwa msumeno, na mistari yake, ikiwepo, inakwenda kwa urefu. Tomalini ina mistari mirefu iliyozama, kama kitambaa cha suruali ya kodrai, na ukiitazama kwa juu ni pembetatu yenye mbavu zilizovimba. Rubi na yakuti samawi, ambazo ni madini mamoja yanayoitwa korundamu, huwa na mche wa pande sita uliokatwa bapa, au hunenepa katikati na kukonda miishoni kama pipa.

Tanzanaiti haimo kabisa kwenye kundi hili. Ukiitazama kwa juu haina pande sita sawa, imebanwa. Mistari inakwenda kwa urefu. Na hupasuka vizuri sana upande mmoja tu, ikiacha uso laini kama kioo. Ukiigeuza kwenye mwanga inabadilika, huku bluu, huku zambarau, na ikiwa haijapitishwa kwenye moto, upande wa tatu hutoa wekundu wa kahawia. Nyingi hutoka ardhini zikiwa za kahawia na bluu huja baada ya kuchomwa. Anayeitafuta kwa rangi ya dukani anaweza kuiruka shimoni.

Madini mamoja, nguo tofauti

Tabia ya fuwele ni historia ya mahali ilipokulia: joto, nafasi, kasi, na vitu vingine vilivyokuwa kwenye majimaji yale. Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kwetu. Ganeti ya kijani, tsavoraiti, ilionekana Tanzania mwaka 1967 na mwanajiolojia Campbell Bridges, kisha akaipata Kenya mwaka 1970, karibu na Tsavo inakotokana jina lake. Upande wa Taita Taveta mara nyingi hutoka ikiwa madonge ya mviringo ndani ya miamba yenye kinywe (yale madini meusi ya kutengenezea penseli), madonge ambayo wenyewe huyalinganisha na viazi. Ukilivunja ndipo unaona kijani. Mererani, tsavoraiti hiyo hiyo hupatikana pia ikiwa fuwele safi zenye uru wake wote. Mtu aliyezoea viazi vya Taita anaweza kuikataa ya Mererani, na wa Mererani akapita juu ya utajiri wa Taita akidhani ni kokoto.

Mfano wa pili ni rubi. Ile ya Longido imekaa ndani ya mwamba wa kijani wenye madoa meusi, imelala bapa kama sahani zenye pande sita. (Mwamba ule wa kijani ni zoisaiti, madini yale yale ya tanzanaiti. Kila nikilikumbuka hili nafurahi.) Sasa nenda Winza, Mpwapwa, ambako watu walimiminika mwaka 2008. Rubi za kule nyingi hazikuwa na sahani wala pipa. Zilionekana kama zina nyuso nane, yaani zimevaa sura ya spineli. Na spineli nyekundu ya kweli iko Mahenge, wilaya ya Ulanga, ambako mwaka 2007 ziliibuliwa fuwele kubwa ajabu, moja ikiwa na kilo 52. Rubi yenye sura ya spineli, spineli yenye rangi ya rubi, zote Tanzania. Ukipima utaona: pembe za spineli zote ni sawa, za rubi ya Winza zinatofautiana, kwa sababu umbo lake halisi ni jingine, nyuso nane ni mwonekano tu. Na ukiigeuza rubi kwenye mwanga wekundu wake hubadilika kidogo, huku unaelekea zambarau, huku unaelekea chungwa. Spineli haibadiliki.

Jasi nayo ina mengi. Ile inayochimbwa Makanya, Same, na kupelekwa viwanda vya saruji huonekana udongo mweupe tu. Lakini jasi ikipata maji ya moto yaliyotulia kwa muda mrefu mno hufanya makubwa: mwaka 2000, katika mgodi wa Naica huko Mexico, wachimbaji walifungua pango lenye nguzo za jasi za zaidi ya mita 11, zenye kupenya mwanga. Jangwani, jasi hukua kama petali za waridi lililojaa mchanga. Malakaiti ya Katanga haioneshi nyuso kabisa, imevimba kama kishada cha zabibu, na ukiikata ndani kuna miviringo ya kijani kilichokolea na kilichofifia. Ni fuwele vilevile, nyuzi ndogo mno zilizobanana zikielekea nje. Na ulanga, yaani maika (madini, si ile wilaya), hukua kama kitabu, ukibandua kurasa hazikwishi.

Kwa hiyo tabia pekee haitoshi kulipa jiwe jina, lakini ukishajua madini, tabia inakuambia kwao ni wapi.

Yasemwayo mitaani

Dai la fundi, kwamba kilichonyooka kimechongwa, ndilo la heshima kuliko yote. Jibu ni kwamba hakuna aliyechonga kutoka nje. Uso wa fuwele ni mahali ukuaji ulipopungua kasi. Chembe zinapotua kutoka kwenye majimaji hushika haraka zaidi penye mapengo na ngazi. Uso ulionyooka hauna pa kushikia, hivyo hukua taratibu na kubaki. Huko Navajún, Uhispania, hutoka michemraba ya pairaiti iliyonyooka kiasi kwamba wageni hukataa kuamini haijapita kiwandani. Jiwe lililochongwa na mtu lina alama zake: nyuso zote zinang'aa kwa kiwango kimoja, hazina mistari ya ukuaji wala vijishimo, na pembe hazifuati madini yake. Nimeona kwatzi zilizosuguliwa zikawa na ncha nzuri huku na huku, na pembe za ncha hazina habari na digrii 142.

La pili linaniumiza, maana limeharibu mawe mengi: "Almasi haivunjiki, ipige nyundo." Ugumu wa almasi ni wa kukwaruzwa. Hakuna madini mengine yanayoikwaruza. Kupigwa ni habari nyingine. Almasi ina njia nne za mpasuko, zinazofuata nyuso zake nane, kama gogo linavyofuata nyuzi zake likipigwa shoka. Nyundo moja inatosha kuifanya vipande. Aliyeijaribu hivyo na ikavunjika, akaitupa akisema ni feki, huenda alitupa shamba na nyumba.

Na kukwaruza kioo? Kwatzi inakwaruza kioo. Ganeti pia, tomalini pia, berili pia. Kwenye kipimo cha ugumu cha 1 hadi 10, kioo cha dirisha kiko kama 5.5 na kwatzi iko 7. Kukwaruza kioo hukuambia kwamba jiwe si kioo wala kalisaiti, basi. Almasi mbichi kama zile za Mwadui, ambako John Williamson aligundua mwamba wake mwaka 1940, ina dalili nyingine: kingo zilizojikunja kidogo badala ya kuwa kali, mng'ao wa kama imepakwa mafuta, na juu ya nyuso, ukitumia lenzi ya kukuza mara 10, vijishimo vidogo vya pembetatu. Haina mche mrefu wa pande sita wenye kichwa cha penseli. Ukiuona huo, almasi iondoe kwenye mazungumzo.

Rangi nitaisema kwa ufupi. Kwatzi ya zambarau, ya moshi, ya njano na isiyo na rangi ni kwatzi. Anzia popote pengine, usianzie kwenye rangi.

Yanayodanganya hata wazoefu

Fuwele pacha ni mbili zilizokua zimeshikana kwa mpango maalumu. Spineli pacha huwa bapa ya pembetatu. Aleksandraiti, kito kingine, ya ukanda wa Ziwa Manyara huungana tatu kwa mzunguko hadi ikaonekana ina pande sita, na kumbe kila moja peke yake haina. Dalili ya pacha ni kona iliyoingia ndani, kama kiwiko kilichokunjwa. Fuwele moja ikikua peke yake kwa uhuru kona zake hutoka nje. Ukiona iliyozama, jiulize kama uko na mbili.

Kisha kuna zilizoazima umbo. Pairaiti ikikaa kwenye udongo wenye maji na hewa, sulfuri yake huondoka na chuma hubaki kikigeuka kutu, polepole, bila kubomoa nyumba. Unapata mchemraba wa kahawia ambao ndani hauna pairaiti hata chembe. Umbo ni la marehemu. Utalijua kwa mistari ya juu yake, ambayo mara nyingi hubaki: kwenye mchemraba wa pairaiti, mistari ya uso mmoja huwa inakatana na ile ya uso wa jirani, huu wima, huu mlalo.

Na mto hufuta yote. Mawe ya Tunduru mengi yameviringika kwa safari. Hayana nyuso, lakini ndani bado ni fuwele, na hapo umbo halitakusaidia; unahitaji vipimo vya maabara. Kipande cha chupa ya kijani kilichosuguliwa na mchanga kinaweza kulala katikati ya ganeti na kufanana nazo sana. Kilipovunjika, tafuta mikunjo ya mviringo kama ndani ya kombe la baharini. Kwatzi nayo huvunjika hivyo, kwa hiyo hata hiyo dalili iunganishe na nyingine.

Ukifika mahali pa kuuza, au hata pa kukopea, jiwe liende kwa mwenye vifaa. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania iko Dodoma na ina maabara, na tangu 2019 kuna masoko ya madini mikoani yenye wathamini. Usilioshe kwa asidi, usilivunje ili "uone ndani", usilisugue kwa msasa ling'ae. Fuwele yenye nyuso zake zote ina wanunuzi wake, wanaolipia umbo lenyewe hata kama haifai kukatwa kuwa kito, na nyuso zikishavunjwa hazirudi.

Fundi alilipeleka jiwe nyumbani. Alilitengenezea kisanduku cha mninga chenye kitako cha pembe sita, digrii 120 kila kona, likakaa wima bila gundi. Shemeji yake hajaridhika. Anasema Dodoma watasema tofauti, na aende tu.

Juzi fundi akanitumia picha nyingine. Wakwe wameongeza kina cha shimo, umetoka mchemraba wa rangi ya kutu, ukubwa wa dadu, mzito kuliko unavyoonekana. Sikumpa jina lake. Nilimwandikia aangalie mistari ya uso mmoja na wa jirani yake, aniambie inaelekea wapi. Ikapita kama saa nzima, nadhani alikuwa anatafuta tochi. Kisha akajibu: "Huu umesimama, huu umelala. Inakatana, mwalimu. Mbona na huu ni mzoga wa kitu kingine?"